Wasoma Mawe Wawili, Nafasi Moja

Kwa kuwa mwenzangu yuko hai nami niko hai, ninajipa ruhusa ya kumwonea wivu. Katika mji wetu wa Kigali wako wengi ambao sina tena ninachoweza kuwaonea ila huruma, na kwa hao kalamu yangu inanyamaza. Lakini yeye yupo. Ana wajukuu, amenenepa, na akinipigia simu anacheka vilevile kama alivyokuwa akicheka mwaka wa tisini na moja, nami huku upande wa pili ninakunja uso vilevile kama nilivyokuwa nikikunja. Basi nitamsema. Ya mwaka wa tisini na nne hayamo humu. Haya ni ya kabla yake kidogo, siku ambazo jambo kubwa kuliko yote duniani, kwangu mimi, lilikuwa kwamba kazi ni moja na sisi ni wawili.

Tulikuwa wasichana wawili peke yetu katika darasa la sayansi ya ardhi, chuo kikuu, kule Butare. Waliosomea udaktari waliitwa daktari tangu mwaka wa kwanza, kabla hawajajua hata kumpima mtu homa. Waliosomea sheria walipishwa viti. Mimi nikirudi likizo kwetu Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, niliitwa "yule wa mawe". Muuza sambusa wa kichochoroni kwetu alinisimamisha siku moja, uso umejaa huruma ya kweli.

"Mutoto ya fundi, ni kweli wanakufundisha mawe?"

"Kweli, mama."

"Lakini mawe si iko hapa tu? Bure?"

Ubaya wake ni kwamba hata walimu wetu hawakuwa na jibu la swali hilo. Bei ya bati, madini yaliyokuwa yakichimbwa kwetu, ilikuwa imeanguka kabla hatujaingia chuoni, migodi mikubwa ilikuwa imefungwa, na kaka zetu waliotutangulia katika somo hilo walikuwa wakifundisha jiografia kwenye shule za milimani au wakiuza bia. Tulijifunza jinsi milima inavyozaliwa, huku tukijua kwamba hakuna anayemlipa mtu kwa kujua hilo. Mwalimu wetu mmoja alizoea kutuambia kwamba iko siku nchi itawahitaji watu wa ardhi, lakini siku yenyewe hakuitaja.

Nyumbani tulikuwa mimi na mama tu. Baba alifariki nikiwa mdogo hata sura yake ninaikumbuka kwa kuhadithiwa. Mama alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani karibu na msikiti, ikilia kutoka asubuhi hadi magharibi: kanzu, magauni ya harusi, sare za shule. Ada, madaftari, nauli ya Butare, vyote vilitoka chini ya mguu wake. Miguu hiyo sasa ilikuwa inavimba. Hakulalamika. Jioni aliipandisha juu ya kigoda, akanitazama kwa namna iliyonifanya nifungue kitabu. Kwa hiyo mimi nilipokuwa nikisema "kazi", sikuwa nikisema ndoto za kisomi. Nilikuwa nikiiahidi miguu ile kwamba itapumzika.

Likizo ndefu ya mwaka wa tisini na moja tulipelekwa kufanya staji, yaani mazoezi ya kazi, katika ofisi ya serikali ya mambo ya mawe, kule Kimihurura. Mkuu wake alikuwa mtu mzima mwembamba aliyeanzia migodini akiwa kijana, akakiokota huko Kiswahili chake, na mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa umefungwa kwa uzi. Sote tulimwita Mzee. Alitukaribisha kwa chai, akatuambia bila kuzunguka:

"Mkimaliza chuo nina nafasi ya mtu mmoja. Si wawili. Nitawaangalia."

Mwenzangu akasema asante. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumwangalia yeye.

Alikuwa na nini? Nitakisema alichokuwa nacho. Alitoka Kanombe, baba yake alikuwa mpima mvua na upepo kwenye uwanja wa ndege, kwa hiyo alikulia kati ya vipimo kama mimi nilivyokulia kati ya vitambaa. Alikuwa na koti la mvua la manjano, na buti zinazomtosha, wakati mimi nilikuwa na raba za mtumba zilizokuwa zikifungua mdomo. Kifaransa chake kilikuwa laini. Hayo yote ningeyavumilia, maana riziki ni mafungu saba. Kilichonichoma hasa ni kwamba hakuona haya kuuliza. Mimi nilikuzwa nikijua kwamba maskini asiyejua hufunga mdomo ili asijulikane. Yeye asipojua alifungua mdomo wazi kama kifaranga, na watu wakamlisha.

Siku ileile ya kwanza, Mzee alipokuwa akitugawia vifaa, adhuhuri iliingia nikatoka kwenda kuswali nyuma ya jengo. Niliporudi niliwakuta wawili hao wameinamia dira, wanacheka, na Mzee amemshika bega kama mwanawe wa kumzaa.

"Mnacheka nini?" nikauliza.

"Nimeuliza swali la kijinga," akasema mwenzangu.

Sikuuliza ni swali gani. Nilichokiona ni kwamba wakati mimi niko nje namwomba Mungu riziki, mwenzangu alikuwa ndani anaichota. Nilichukua dira yangu nikaitia mfukoni kwa hasira.

Vita vilikuwa vimeanza kaskazini mwaka uliotangulia, na barabara za kwenda migodini zilikuwa na vizuizi vya askari. Mzee hakuthubutu kututuma mbali. Akatupa Mlima Kigali, ule unaoinamia Nyamirambo, tuuchore: kila mwamba uliotokeza tupime umelala kuelekea wapi na umeinama kiasi gani, kisha tutie kwenye ramani. Mimi nilipewa upande wa mashariki, unaotazama majumba. Yeye akapewa magharibi, unaoshuka kuelekea mtoni. Tungekutana juu, kwenye mwamba mweupe mgumu uliolala mgongoni mwa mlima toka mwanzo hadi mwisho, na hapo ramani zetu mbili zingeungana. Mzee alisema mlima wenyewe ndio utakaomwambia nani kafanya kazi.

Kwa kuwa mlima ulikuwa karibu na kwetu, na Kanombe ni upande mwingine kabisa wa mji, mwenzangu akaanza kuja kula kwetu. Hakualikwa na mimi. Alisindikizana nami siku moja hadi mlangoni, akamwamkia mama, akachungulia jikoni.

"Mama, leo iko nini kwa sufuria?"

"Iko maharage na ndizi, mwanangu. Karibu."

"Na pilipili iko?"

"Pilipili gani isiwe kwa nyumba ya Muswahili?"

Wakacheka kana kwamba wamelelewa pamoja. Baada ya hapo mama alianza kupika akihesabu sahani tatu. Na yule binti alimuuliza mama mambo ambayo mimi sikuwahi kumuuliza: alijifunza wapi kushona, kwa nini kanzu inakatwa vile shingoni, alikutana wapi na baba. Niliyasikia maisha ya baba yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa pembeni, nikiosha vyombo, kwa sababu mgeni ameuliza. Halafu naye akamweleza mama tunachosoma. Alichukua kitambaa cha sare, akakikunja mikunjo juu ya meza, akasema ardhi nayo ilikunjwa hivi zamani, kisha mvua ikakata juu, ndiyo maana tunaona kingo tu. Mama akapiga kofi. "Kumbe! Na huyu wangu miaka yote hanielezi." Mimi niliwahi kumweleza mama mara nyingi, lakini kwa maneno ya kitabuni, na alikuwa akiitikia tu kwa adabu.

Kisha ikaja suruali. Kupanda mlima kwa sketi ni taabu, na mwenzangu alilalamika. Mama yangu, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumshonea mwanamke suruali, aliyekuwa akinivalisha mimi gauni hadi kwenye kifundo cha mguu kwa ajili ya macho ya mtaa, alimpima yule binti kiuno akamkatia suruali ya kaki nzuri, yenye mifuko ya kutilia mawe. Mimi nikashonewa baadaye, kutokana na kitambaa kilichobaki, na juu yake nikaambiwa nivae sketi.

"Yeye ni wa Kanombe," mama akasema. "Wewe ni wa hapa. Watu wanatazama."

"Mimi mtoto wako au mtoto wa watu?"

"Wivu wa nini, wewe? Suruali si unayo."

Nilikuwa nayo, kweli, imejificha chini ya sketi kama kosa. Nilipanda nayo mlima nikitokwa jasho mara mbili ya mwenzangu.

Hata kizuizini aliniacha nyuma. Asubuhi moja, njia ya kupanda mlimani, askari walitusimamisha. Siku zile mtu mwenye ramani, nyundo na dira alikuwa ni mtu wa kuulizwa mara mbili. Vitambulisho vyetu vilisomwa muda mrefu kuliko maandishi yaliyomo.

"Fungula mufuko," askari akaniambia. Akaitoa dira. "Hii iko nini?"

Nilianza kumjibu kwa Kifaransa, nikamtajia mielekeo ya tabaka na miundo ya miamba. Niliona uso wake ukifungwa. Kila neno langu lilizidi kunifanya mpelelezi. Mwenzangu akasogea.

"Afande, sisi iko wanafunzi. Hiyo dira, busole, inapima jiwe inalala wapi."

"Jiwe inalala?"

"Ego, ndiyo. Inalala kama mutu. Ingine inalala ubavu, ingine kichwa chini."

Askari akamtazama, akawatazama wenzake. "Na kwetu, kule kwa volkano, jiwe inalala je?"

"Ya kwenu haijalala, afande. Ile iko macho."

Walicheka wote, hata yule aliyekuwa na bunduki mkononi. Tukapita. Mwenzangu akanishika mkono, hakuuachia mpaka kizuizi kilipopotea nyuma yetu. Ningepaswa kumshukuru, kwa kuwa pengine alinitoa mahali pabaya. Badala yake nilipanda mlima nikifikiri jinsi maneno yangu yote ya chuo kikuu yalivyoshindwa na jiwe lililo macho.

Lakini nilikuwa na siri yangu iliyonipa nguvu. Mapema tu, nilipoitoa dira ya ofisi na kuitazama vizuri, niligundua kwamba ni mbovu. Chuoni tulikuwa tukitumia dira za kawaida. Hii ya ofisi, ya zamani, ya shaba, ilikuwa imeandikwa mashariki upande wa kushoto na magharibi upande wa kulia. Kiwandani kwao, nikasema, walilala. Basi kila iliponionyesha mashariki mimi niliandika magharibi, na kila iliponionyesha magharibi nikaandika mashariki. Sikumwambia mtu. Niliichungulia dira ya mwenzangu, nikaona nayo ni vilevile, na yeye anaandika tu kama inavyosema, akiimba. Moyo wangu ulijaa furaha ambayo sijaipata tena. Mwamba wenyewe wa mgongoni, nikiutazama kwa macho, haukukubaliana sana na namba zangu, lakini mimi niliamini kichwa changu kuliko macho.

Nilipata hata usingizi mzuri. Nikimwona anakaa chini ya mlima na akina mama wanaochota maji, akiwauliza chemchemi ipi hukauka na ipi haikauki, nilimwacha akae. Nilikaribia kumwonea huruma. Mama alinikuta nikicheka peke yangu, akaniuliza kama nimepata mchumba.

Siku ya kuunganisha ramani, Mzee alisafisha meza kubwa, akaita na wafanyakazi wengine watazame. Tuliweka karatasi zetu ubavu kwa ubavu. Ule mwamba mweupe, ambao ni mmoja, ambao kila mtu wa Nyamirambo anauona kwa macho yake, kwenye karatasi ya mwenzangu ulipanda ukielekea upande mmoja, na kwenye yangu ukaelekea upande mwingine. Pale katikati pande hizo mbili zikakutana kama paa la nyumba.

Mzee aliinama. "Nani kati yenu ameuvunja mlima wangu?"

Nilikuwa nimeingoja saa hiyo. Nilisimama wima, nikasema kwa sauti ya kusikika: "Mzee, dira za ofisi ni mbovu. Mashariki na magharibi zimeandikwa kinyume. Mimi nimegundua, nikasahihisha kila kipimo. Mwenzangu hakugundua."

Mzee alivua miwani yake akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. Kijana mmoja wa ofisini akageuka kutazama ukutani, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Hapo nikajua, kabla sijaelezwa chochote, kwamba nimekwisha.

Dira ya mtu wa mawe imeandikwa hivyo makusudi. Ukiielekeza kule unakotazama, kasha lake linageuka pamoja nawe lakini sindano inabaki kaskazini, kwa hiyo ili sindano ikuangukie kwenye jibu la kweli, herufi lazima zigeuzwe. Hilo ndilo lililokuwa swali la kijinga la mwenzangu, siku ile ya kwanza, nilipokuwa naswali. Alikuwa ameuliza kwa nini mashariki iko kushoto.

Na kabla Mzee hajafungua kinywa, yeye akawahi. "Kosa ni langu, Mzee. Siku uliponieleza yeye alikuwa kwa sala. Mimi ndiye nilikuwa wa kumwambia, nikasahau. Na tazama, amegeuza vipimo vyote, hakuruka hata kimoja. Tukivigeuza tena vinakuwa sawa."

Tuliketi mchana ule tukavigeuza, yeye akisoma na mimi nikiandika, na mlima ukaungana. Mzee alisema hajaona vipimo safi kama vya upande wangu. Alisema kweli, lakini nani husikia sifa kama hizo baada ya aibu kama ile? Mwenzangu angenicheka ningepona. Angenisema kwa wengine ningemchukia kwa raha zangu. Alinitetea, na utetezi wake nikabaki nao kifuani kama mwiba wa samaki, haupandi wala haushuki. Kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga, wazee walisema, lakini mimi niliona mbele yangu kwamba nafasi ile imekwenda Kanombe.

Kwa hiyo fikiria furaha yangu. Mwaka uliofuata, tulipomaliza chuo, mwenzangu alitangulia kurudi Kigali, mimi nikabaki Butare kidogo kumalizia mambo yangu. Niliporudi niliambiwa Mzee ananiita. Nilipanda Kimihurura nikiwa nimeuandaa moyo kukosa. Mzee akanipa mkono, hakunitazama sana usoni, akasema: "Nafasi ni yako. Anza Jumatatu." Nilifikiri ameona haya kwa sababu alinikosea moyoni. Nilitembea kwa miguu kutoka Kimihurura hadi Biryogo, nikiona kila mwamba wa njiani unanipigia saluti.

Mama alipika pilau. Muuza sambusa alikuja akaniita bosi. Mwenzangu naye alikuja, akaleta kitambaa cha kichwa kama zawadi, akacheza mpaka akavua viatu. Nilimwangalia usiku—hapana, ilikuwa bado jioni, mwanga ulikuwepo wa kutosha kumwona uso wake—na nilikuwa nautafuta uchungu. Kidogo tu. Nilitaka ahuzunike kiasi cha kijiko. Hakuhuzunika. Hata ushindi wangu aliufurahia kuliko nilivyoufurahia mwenyewe, na nikamwonea wivu kwa hilo pia.

Kazi yenyewe nitaisema kama ilivyokuwa. Nilipewa chumba chenye masanduku ya mawe kutoka migodi iliyofungwa, niyapange. Gari la ofisi lilikuwepo, petroli haikuwepo. Kaskazini hakukuendeka. Wenzangu walisoma magazeti, wakajadili vyama vipya na mkutano wa amani, mimi nikafuta vumbi kwenye bati ambalo hakuna aliyelitaka. Lakini mwisho wa mwezi ulifika, na siku nyingine cherehani ilinyamaza tangu saa tisa alasiri, na uvimbe wa miguu ya mama ukaanza kupungua. Hilo ndilo nililolitaka, nalo nililipata.

Mwenzangu akapata kibarua Bugesera, katika mradi wa maji wa parokia moja, wa kutafuta chemchemi na kuzijengea. Ni nchi kavu ile. Alikuwa akija Kigali mara mojamoja, mweusi kwa jua, kucha zimejaa udongo, ile suruali ya kaki ya mama imechanika magoti. Alikaa barazani kwetu akamweleza mama jinsi maji yanavyoingia juu kwenye mwamba uliopasuka na kutokea chini pale yanapokutana na udongo mgumu, na jinsi vijiji vinavyopiga vigelegele. Mama alimshonea viraka. Mimi nilikuwa nimevaa sketi ya ofisini na viatu vya kisigino, na mezani hapo hakuna aliyeniuliza habari za masanduku yangu.

Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na tatu, alipokwisha kula na kuondoka, sikuweza kujizuia. Nilimtazama akipinda kichochoroni na buti zake, nikasema:

"Maskini. Elimu yote ile, mwisho wake kuchimba mitaro na wanakijiji. Kukosa kubaya."

Cherehani ikasimama.

"Nani amekosa?" mama akauliza.

"Si yeye huyo? Nafasi ya Mzee."

Mama alikata uzi kwa meno, akaiweka nguo mapajani. "Hakukosa. Mzee alimwita yeye mbele, kabla yako. Alimwambia nafasi ni yake."

Nilicheka. Mama hakucheka.

"Wewe ulikuwa ungali Butare," akaendelea. "Alitoka kwa Mzee akaja hapa mbio, hata kwao Kanombe hajafika. Alitaka mimi niwe wa kwanza kufurahi naye. Nikafurahi. Nikampakulia chakula. Halafu nikamwomba."

"Ulimwomba nini?"

"Nilimwomba akuachie."

Sikumbuki nilisema nini. Nadhani nilisema ameniaibisha, na nadhani nilisema kwa sauti, kwa maana muuza sambusa alichungulia. Mama alingoja nimalize.

"Miguu hii ilikuwa imekwisha, mwanangu. Yeye iko na baba, iko na ulimi, popote atapokelewa. Wewe nakujua. Ungeikosa ile ungekaa hapa barazani unawaonea watu wivu mpaka ufe. Nikamwambia asikwambie, maana ungejua usingeichukua. Na leo kama usingemsema, na mimi ningenyamaza."

"Na yeye alikuwa anaitaka?"

"Alikuwa anaitaka sana."

Nikakaa. Nikasema jambo nililokuwa nimelibeba tangu siku ya suruali. "Mimi nilidhani unampenda yeye kuliko mimi."

"Nampenda," mama akasema. "Nisingempenda, ningemwombaje?"

Muuza sambusa alirudi kwenye karai lake. Mama akaichukua nguo tena, akaitafuta pindo.

"Akajibu nini?"

"Alisema, sawa, mama. Akamaliza chakula, akanawa mikono. Ndipo akalia. Alilia sana, kichwa amekiweka hapa," na akaligusa goti lake, mahali kanga ilipokuwa imefifia.

Shukrani ilikuja, na haya ilikuja, lakini zote zilichelewa. Kilichowahi kufika ni kile ninachokijua tangu zamani. Nililitazama goti la mama yangu, nikamwonea mwenzangu wivu kwa kilio kile, maana mimi nilikaa nyumba ile maisha yangu yote na sikuwahi kuliwekea kichwa.